Sura ya Tano: Choki ya Mtutu na Thamani ya Bunduki ya Marisaa Iliyotumika

Bunduki ya marisaa hutofautiana na bunduki ya risasi moja kwa jambo la msingi, nalo ni kwamba kila inapofyatuliwa hurusha mamia ya chembe ndogo za madini, ambazo hutoka mdomoni mwa mtutu zikiwa zimeshikamana kama kifurushi, kisha hutawanyika kadiri zinavyokwenda mbali. Kwa sababu hiyo, ubora wa bunduki ya namna hii haupimwi kwa usahihi wa kulenga peke yake, bali pia kwa kiasi na usawa wa mtawanyiko huo. Mtawanyiko huo hutawaliwa kwa sehemu kubwa na umbo la sentimita chache za mwisho wa mtutu, mahali ambapo tundu hubanwa kidogo kabla ya kufika mdomoni. Mbano huo ndio unaoitwa choki.

Anayenunua bunduki mpya huikuta choki ikiwa imeandikwa kwenye karatasi za kiwanda, ila anayenunua bunduki iliyotumika hana budi kuitafuta mwenyewe, kwa maana huenda imepanuliwa, imechakaa, au imeondolewa kabisa na msumeno wa mmiliki wa zamani. Sura hii inaeleza namna choki inavyofanya kazi, kisha inaonyesha jinsi elimu hiyo inavyoongoza ukadiriaji wa thamani ya bunduki nzima. Hoja yake kuu ni kwamba thamani ya bunduki ya marisaa iliyotumika imo hasa katika chuma ambacho kikishaondolewa hakirudishwi, na kwamba choki ndiyo mahali ukweli huo unapoonekana kwa urahisi zaidi.

Geji, tundu na mbano

Ukubwa wa tundu la mtutu hutajwa kwa geji, kipimo cha kale kinachohesabu idadi ya mipira ya madini ya risasi, yenye upana sawa na tundu hilo, inayohitajika kufikisha uzito wa ratili moja, yaani gramu 454 hivi. Katika bunduki ya geji 12, mipira 12 ya upana wa tundu lake hutimiza ratili, na katika geji 20 huhitajika mipira 20, ndiyo maana namba ya geji inapopanda tundu hupungua. Kwa kipimo cha kawaida, tundu la geji 12 lina upana wa milimita 18.5, na la geji 20 lina milimita 15.6 hivi, ingawa watengenezaji wengi hupita au hupungukiwa vipimo hivyo kwa sehemu ndogo za milimita.

Choki ni tofauti kati ya upana wa tundu na upana wa mdomo. Mtutu ambao upana wake haubadiliki hadi mwisho huitwa mtutu mnyoofu, kwa kuwa hauna choki. Katika geji 12, tofauti ya robo milimita huitwa robo choki, ya nusu milimita huitwa nusu choki, ya robo tatu ya milimita huitwa choki ya robo tatu, na ile inayokaribia milimita moja huitwa choki kamili. Ni jambo la kustaajabisha kwamba daraja hizi zote, ambazo wawindaji na wapiga shabaha wamezijadili kwa zaidi ya miaka 150, zimo ndani ya unene usiozidi milimita moja.

Chembe zinapopita kwenye mbano huo husukumwa kidogo kuelekea katikati ya mtutu, na mwelekeo wao wa kutanuka pembeni hupungua, hivyo hukaa pamoja kwa masafa marefu zaidi. Hata hivyo, choki si kitu pekee kinachoamua mtawanyiko. Chembe za madini laini ya risasi hupondeka zinaposukumana ndani ya mtutu, na chembe iliyopondeka haiendi sawa na zile zilizobaki duara. Wenye viwanda walipunguza kasoro hiyo kwa kuongeza antimoni ili kuyafanya madini yawe magumu, na baadaye kwa kuyazungushia marisaa kikombe cha plastiki ndani ya ganda, ili chembe zisisuguane na ukuta wa mtutu. Matokeo yake ni kwamba mtutu wa zamani uliotobolewa kwa ajili ya vizibo vya karatasi na sufi, ukitumiwa risasi za kisasa, aghalabu hukusanya marisaa zaidi ya vile mtengenezaji wake alivyokusudia.

Ushahidi wa karatasi

Njia ya kuaminika ya kujua tabia ya mtutu ni kuufyatulia kwenye karatasi kubwa nyeupe. Kwa desturi iliyoenea Uingereza na Marekani, karatasi huwekwa umbali wa yadi 40, yaani mita 36.6, na baada ya mfyatuo huchorwa duara lenye upana wa inchi 30, yaani sentimita 76, kuzunguka sehemu yenye matundu mengi zaidi. Matundu yaliyo ndani ya duara huhesabiwa, kisha hulinganishwa na idadi ya chembe zilizokuwa ndani ya ganda. Mtutu mnyoofu hutarajiwa kuingiza asilimia 40 hivi ya chembe zake, robo choki asilimia 55, nusu choki asilimia 60, na choki kamili asilimia 70. Kwa kuwa mfyatuo mmoja hautoshi kuthibitisha jambo, mizunguko kadhaa hufanywa na wastani wake huchukuliwa.

Maana ya asilimia hizi hudhihirika kwa hesabu. Wakia moja ya marisaa namba 6 kwa vipimo vya Uingereza ina chembe 270 hivi. Mtutu mnyoofu utaingiza chembe 108 kati ya hizo ndani ya duara, na choki kamili itaingiza 189. Duara hilo lina eneo la sentimita za mraba 4,560, kwa hiyo katika hali ya kwanza kila chembe inalinda wastani wa sentimita za mraba 42, na katika hali ya pili sentimita za mraba 24. Ndege mdogo aweza kupita salama katika mwanya wa kwanza, au akajeruhiwa na chembe moja akaenda kufia kichakani, jambo ambalo kila mwindaji mwenye utu hulichukia.

Lakini ubora wa choki nzito kwa mbali ndio udhaifu wake kwa karibu. Katika yadi 20, yaani mita 18, choki kamili hufunika duara la sentimita 40 hivi tu, ilhali mtutu mnyoofu hufunika karibu sentimita 80, hivyo mwenye choki kamili huhitaji shabaha kali zaidi na, akipata, huharibu nyama. Kwa hiyo hakuna choki iliyo bora kwa kila kazi. Kwa kwale na kanga wanaoruka karibu na miguu ya mwindaji, robo choki yatosha, na kwa bata wapitao juu, choki ya robo tatu au kamili ndiyo iliyozoeleka. Bunduki nyingi za mitutu miwili zilitobolewa kwa kuchanganya, mtutu mmoja ukiwa wazi kwa mfyatuo wa kwanza, wa pili ukibanwa kwa ndege anayezidi kwenda mbali.

Chimbuko la choki

Mnamo 1866 mfua bunduki William Rochester Pape wa Newcastle, Uingereza, alipata hataza iliyoeleza utoboaji wa mtutu kwa namna ya choki, na mwaka 1868 Sylvester Roper alipata hataza nchini Marekani ya choki inayofungwa na kufunguliwa mdomoni mwa mtutu. Aliyeifanya mbinu hiyo ikubalike na umma wa Uingereza ni W. W. Greener wa Birmingham, ambaye kuanzia 1874 alitoa mitutu iliyokusanya marisaa kuliko ilivyozoeleka, na majaribio yaliyofanywa jijini London mwaka 1875 yakathibitisha ubora wake mbele ya wenye shaka. Katika mwaka huohuo wa 1875 William Anson na John Deeley, wa kampuni ya Westley Richards, walipata hataza ya mtambo sahili wa kufyatulia wenye vinyundo vya ndani, ambao uliigwa kote duniani, hivyo kwamba kufikia mwisho wa karne hiyo umbo la bunduki ya mitutu miwili lilikuwa limekamilika.

Tarehe hizi zina faida kwa mnunuzi. Nchini Uingereza kila mtutu lazima ujaribiwe kwa baruti ya nguvu zaidi ya kawaida kabla ya kuuzwa, kazi inayofanywa na asasi mbili: chama cha wafua bunduki cha London, kilichopata hati ya kifalme mwaka 1637, na nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Mtutu unaofaulu hugongwa mihuri. Kati ya 1875 na 1887 mitutu yenye choki iligongwa maneno ya Kiingereza yanayokataza kutumia risasi moja ya duara, kwa kuwa mpira uliotoshea tundu ungekwama kwenye mbano na kupasua mtutu. Anayeyaona maneno hayo chini ya mtutu, karibu na kitako cha chemba, anajua papo hapo bunduki ilijaribiwa katika kipindi gani, na pia kwamba mwanzoni ilikuwa na choki, hata kama leo haina.

Alama zisizosema jambo moja

Watengenezaji wengi huandika choki kwa alama, na hapa hadhari inahitajika, kwa kuwa alama ileile hubeba maana tofauti katika viwanda tofauti. Kwenye bunduki za Beretta za Italia nyota moja ni choki kamili na nyota tatu ni nusu choki, ilhali kwenye bunduki za Browning nyota moja ni choki kamili lakini nyota tatu ni mtutu mnyoofu. Anayeisoma Browning kwa ufunguo wa Beretta atadhani amenunua nusu choki, kumbe hana choki hata kidogo.

Mazoea mengine yanayopotosha ni kupima kwa sarafu. Nchini Marekani yapo mazoea ya kujaribu kuingiza sarafu ya senti 10, yenye upana wa milimita 17.91, kwenye mdomo wa geji 12, na ikikataa kuingia husemwa mtutu una choki kamili. Hesabu hiyo hukaribia ukweli iwapo tundu lina upana wa kawaida. Mitutu mingi ya kisasa hutobolewa kwa upana wa milimita 18.8 na zaidi, na kwenye tundu la milimita 18.85 mbano wa milimita 0.9 huacha mdomo wenye karibu milimita 17.95, ambamo sarafu hupita bila shida ingawa choki ni kamili. Kwa upande mwingine, mtutu wenye tundu jembamba huweza kuikataa sarafu ingawa choki yake ni nusu tu. Mdomo peke yake hausemi kitu. Ni lazima upimwe pamoja na tundu, kwa kifaa cha kupimia ndani ambacho mfua bunduki yeyote aliyebobea anacho, na tofauti ya vipimo viwili ndiyo jibu.

Tangu mwishoni mwa karne ya 20 bunduki nyingi zimetolewa zikiwa na choki za kuskurubu, yaani vipande vifupi vya bomba vinavyofungwa ndani ya mdomo na kubadilishwa kulingana na kazi. Mnunuzi wa bunduki ya aina hiyo hukagua kama vipande vyote vipo, kama skurubu zake hazijaliwa, na kama kipande kilichomo hakijakwama kwa kutu, kwa sababu bunduki iliyofyatuliwa bila kipande chake huharibika meno ya ndani, na matengenezo yake ni ghali.

Marisaa ya chuma

Madini ya risasi yana sumu, na bata wanaookota chembe zake matopeni hufa kwayo. Ndiyo sababu Marekani ilipiga marufuku matumizi yake katika uwindaji wa ndege wa majini, marufuku iliyoenea nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayazuia katika maeneo yote ya ardhi oevu tangu Februari 2023. Mahali pake pamechukuliwa kwa wingi na marisaa ya chuma, ambayo ni mepesi zaidi na magumu zaidi. Kwa kuwa hayapondeki, hukaa pamoja vizuri, na nusu choki yenye marisaa ya chuma hukaribia kazi ya choki kamili yenye madini ya risasi. Lakini ugumu huohuo huweza kuvimbisha mtutu mwembamba wenye mbano mkali. Kanuni za kimataifa za majaribio huelekeza kwamba risasi za chuma zenye nguvu kubwa zifyatuliwe tu kwenye mitutu iliyojaribiwa kwa ajili yake, ambayo hugongwa alama ya ua la yungiyungi, na kwamba chembe zenye upana unaozidi milimita 4 zisipitishwe kwenye choki inayozidi nusu. Mabadiliko haya yameshusha bei za bunduki nyingi za zamani zenye choki kamili, kwa sababu kazi iliyozifanya zipendwe, yaani uwindaji wa bata, ndiyo iliyokatazwa kwa risasi zilizotengenezewa.

Namna ya kukadiria thamani

Bunduki iliyotumika ina bei za aina mbili, ya mtumiaji na ya mkusanyaji, na mambo yanayoipandisha moja huweza kuishusha nyingine. Mtumiaji aliyepanua choki kamili ikawa nusu amepata bunduki inayomfaa, ila mkusanyaji anayeitaka bunduki kama ilivyotoka kiwandani huihesabu kuwa imepungua. Vivyo hivyo, kupaka upya rangi ya buluu nyeusi ya mtutu au kuupiga msasa ubao wa kitako hupendeza jicho la mgeni, lakini hufuta maandishi na michoro, na kwa mkusanyaji ni hasara isiyotibika.

Jina na idadi huathiri bei pia. Remington 870, bunduki ya kupampu iliyoanza kuuzwa mwaka 1950 na kutengenezwa kwa zaidi ya nakala milioni 10, ni imara na ya kutegemewa, lakini wingi wake huifanya iwe ya bei nafuu hata ikiwa katika hali nzuri. Winchester Model 12, iliyozinduliwa mwaka 1912, hutafutwa zaidi, hasa zile zenye rangi yake ya asili na mtutu ambao haujaguswa. Bunduki za James Purdey, aliyefungua duka lake London mwaka 1814, ziko katika daraja jingine kabisa. Hata hivyo, jina kubwa kwenye mtutu ulioharibika ni mtego wa gharama, kwa sababu kutengenezewa mitutu mipya na mafundi wa daraja hilo huweza kuzidi bei ya kununulia.

Ukaguzi huanza kwa kuhakikisha kwamba chemba ni tupu, kisha bunduki hufunguliwa na mitutu hutolewa. Mdomo ndio mahali pa kwanza pa kutazamwa. Katika bunduki ya mitutu iliyolala ubavu kwa ubavu, kuta za midomo miwili hukutana au hukaribiana sana, na ikionekana nafasi pana kati yake iliyojazwa kwa kipande cha chuma au lehemu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mitutu ilikatwa. Kwa kuwa choki imo katika sentimita chache za mwisho, mtutu uliokatwa umepoteza choki yote, na hakuna fundi awezaye kuirudisha kama ilivyokuwa. Ukataji huweza pia kuivusha bunduki mpaka wa sheria: Marekani huhesabu mtutu wa marisaa unaopungua inchi 18 kuwa wa silaha yenye masharti maalumu, na Uingereza huweka mpaka huo kwenye inchi 24.

Baada ya mdomo huja ndani ya mtutu. Mitutu huelekezwa kwenye mwanga wa dirisha na kuzungushwa polepole, na kivuli cha mwanga huo kinapaswa kutembea ukutani bila kukatika. Pete nyeusi inayovunja kivuli ni alama ya uvimbe uliosababishwa na kizuizi kilichokuwemo wakati wa kufyatua, na vishimo vidogo ni kutu iliyokula chuma. Kutu hiyo huweza kusuguliwa hadi ukuta ung'ae, na wauzaji wengi hufanya hivyo, lakini kila msuguo hupanua tundu na kupunguza unene. Kwa sababu hiyo mng'ao pekee haupaswi kumridhisha mnunuzi, bali unene wa ukuta upimwe. Kwa bunduki nyepesi ya geji 12, wataalamu wengi wa Uingereza huhesabu nusu milimita katika sehemu nyembamba kabisa kuwa mpaka wa tahadhari, na sheria ya nchi hiyo inakataza kuuza bunduki ambayo tundu lake limepanuka kupita kiasi kilichoruhusiwa na muhuri wake wa majaribio.

Mitutu ikining'inizwa na kugongwa kwa kidole hutoa mlio safi wa kengele, na mlio mzito wa kukatika huashiria kwamba utepe unaoiunganisha umeachia lehemu. Ikirudishwa kwenye mtambo bila kipande cha mbele cha mbao, haipaswi kucheza hata kidogo inapotikiswa. Mwanga unaoonekana kati ya mtutu na ukuta wa mtambo ni dalili kwamba bawaba imelegea, jambo ambalo hutengenezeka kwa gharama ya wastani. Namba za mtutu, za mtambo na za kipande cha mbele zilinganishwe, na kitako kikaguliwe nyuma ya mtambo, ambako mbao zilizolowa mafuta kwa miaka mingi hupasuka kwa nyufa nyembamba zinazofichwa kwa urahisi na vanishi mpya.

Afrika Mashariki

Bunduki nyingi za zamani zilizomo Afrika Mashariki zililetwa wakati wa ukoloni wa Kiingereza na zina mihuri ya Birmingham au London, hivyo maelezo yaliyotangulia yanazihusu moja kwa moja. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, upigaji wa ndege kwa leseni ulibaki, na bunduki ya marisaa ikaendelea kuwa na kazi. Katika mwambao, chumvi na unyevu hula chuma kwa haraka, kwa hiyo uchunguzi wa kutu chini ya utepe na ndani ya chemba una uzito wa pekee. Na kwa kuwa hakuna ubadilishanaji halali usiopitia kwa mamlaka ya leseni, bunduki isiyo na hati kamili haina thamani yoyote, iwe na jina la nani.

Utaratibu unaofuata kutoka katika haya yote ni wazi. Hati hutangulia, hufuata mdomo na choki, kisha tundu na unene wa ukuta, halafu mihuri, mtambo na mbao, na jina la mtengenezaji huja mwisho. Wanunuzi wengi hupatwa na hasara kwa kuugeuza mpangilio huo, wakaanza na jina na mng'ao, ilhali mambo hayo mawili ndiyo yanayotengenezeka au kuigizwa kwa wepesi zaidi. Mbao hubadilishwa, bawaba hukazwa na rangi hupakwa upya, lakini milimita moja ya chuma iliyoondolewa mdomoni, au sehemu ya kumi ya milimita iliyosuguliwa ukutani, imekwenda moja kwa moja. Mnunuzi anayelipia chuma kilichobaki, kwa kukipima, atapata bunduki salama kwa bei ya haki, na muuzaji mwaminifu hatakuwa na sababu ya kumnyima kifaa cha kupimia.